Seramu ya Q10 iliyotoa chembe mwezi wa Julai: uchambuzi wa kisa kimoja cha Nairobi

Malalamiko yalianza Juni, na karibu yote yalifika kwa WhatsApp yakiwa na picha. Chupa ya mililita 30, mafuta ya rangi ya machungwa, na chini yake tabaka la chembe zenye rangi iliyokolea zaidi. Mteja wa kwanza, mkazi wa Umoja, aliuliza kwa upole: "Dada, hii imeharibika ama ndivyo ilivyo?" Waliofuata hawakuwa na upole huo. Mmoja aliandika: "Umetutilia manjano ya kupikia halafu unatuuzia kama Q10." Kufikia Julai saluni moja ya South B ilikuwa imerudisha katoni nzima kwa boda, na mwenye biashara akanipigia simu.

Kazi yangu ni kemia ya vipodozi, hasa kuwasaidia watengenezaji wadogo ambao hawana maabara. Dada huyu ameniruhusu nikieleze kisa chake mradi nisimtaje yeye wala bidhaa yake. Nakieleza kwa sababu kosa lenyewe ni la kawaida sana mjini, na kwa sababu chembe zile zilikuwa tatizo dogo kati ya mawili yaliyokuwamo chupani.

Alifanya kazi ya saluni kwa miaka mingi kabla ya kuanza kutengeneza bidhaa zake katika chumba cha nyuma ya nyumba, Donholm. Seramu ilikuwa ya usiku, haina tone la maji: mafuta ya nazi yale yasiyoganda, mafuta ya mbegu za zabibu, matone machache ya mafuta ya lavenda, na unga wa Q10 asilimia 5. Alichemsha maji, akaweka bakuli la mafuta juu ya mvuke, akamwaga unga, akakoroga hadi mafuta yakawa maangavu, akajaza chupa za kioo cheupe zenye kidondoshi. Nilipomuuliza kwa nini 5, alinijibu bila kusita: "Wenzangu wanaandika moja. Mimi nikaandika tano, mteja aone anapata kitu."

Hiyo tano ndiyo mzizi wa kisa chote.

Q10, au koenzaimu Q10, hujulikana kwenye lebo za vipodozi kama yubikwinoni. Haikuanza kama kipodozi. Mwaka 1957 Frederick Crane na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, waliitoa kwenye mitokondria (vinu vya nishati vya seli) za moyo wa ng'ombe, na mwaka uliofuata Karl Folkers na kundi lake katika kampuni ya Merck wakabainisha muundo wake. Kazi yake ndani ya seli ni kubeba elektroni. Huzipokea kutoka kwa vimeng'enya viwili vya kwanza katika utando wa ndani wa mitokondria na kuzikabidhi kwa cha tatu, na safari hiyo ndiyo husukuma protoni upande mmoja wa utando ili ATP, nishati ambayo seli hutumia, iweze kutengenezwa. Peter Mitchell, Mwingereza aliyeeleza utaratibu huo wa protoni, alipewa Tuzo ya Nobeli ya kemia mwaka 1978.

Sasa, molekuli hii ina sura mbili. Ikiwa haijabeba elektroni ni yubikwinoni, yenye rangi ya manjano inayoelekea machungwa. Ikiwa imebeba elektroni mbili ni yubikwinoli, nyeupe, na ikiachwa hewani hurudi manjano taratibu. Fikiria mkokoteni wa Marikiti: mtupu au umejaa. Ule uliojaa ndio unaoweza kumgawia radikali huru (molekuli iliyopungukiwa elektroni) elektroni aliyoikosa na kumtuliza asiendelee kuharibu mafuta ya utando wa seli. Ndio pia unaoirudishia vitamini E nguvu baada ya kutumika. Mtupu hauna cha kutoa.

Unga unaouzwa kwa watengenezaji wa vipodozi, ule wa bei ambayo mtu wa Donholm anaweza kuimudu, ni yubikwinoni. Ni mikokoteni mitupu. Hufanya kazi ya antioksidanti, yaani kuwatuliza radikali huru, baada tu ya kuingia kwenye seli hai, ambako vimeng'enya huijaza. Kimoja kinaitwa NQO1. Kingine ni FSP1, ambacho mwaka 2019 makundi mawili ya watafiti yalionyesha kwamba huilinda seli isife kwa kuoza kwa mafuta ya utando wake, na huilinda kwa kuijaza Q10 elektroni. Tutarudi kwenye jambo hili, maana ndilo lililonifanya nisiridhike baada ya kumaliza suala la chembe.

Nilianza na tuhuma ya manjano kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikimmaliza kibiashara. Mtu akishasema mtandaoni kwamba umechakachua, huwezi kumjibu kwa maelezo ya kemia. Unamjibu kwa kitu anachoweza kukifanya jikoni kwake. Manjano ya kupikia yakikutana na magadi hugeuka mekundu, kwa sababu rangi yake, kurkumini, hubadilika katika alkali. Tulichota chembe za seramu kwa ncha ya kijiti, tukazipaka kwenye karatasi ya shashi, na kando yake tukapaka bizari ya manjano iliyochanganywa na mafuta yaleyale. Tukadondosha maji ya magadi. Manjano yakawa na wekundu wa udongo wa Limuru papo hapo. Chembe za seramu zikabaki zilivyokuwa.

Jaribio la pili lilikuwa rahisi zaidi. Chupa iliyofungwa iliwekwa ndani ya bakuli la maji ya moto ya kiasi, yale ambayo mkono unayavumilia kwa taabu, kipimajoto kikisoma nyuzi 52. Q10 huyeyuka ikikaribia nyuzi 50. Baada ya muda mfupi chembe zilianza kupoteza kingo, zikawa vitone, vikatawanyika, mafuta yakawa maangavu tena. Manjano yasingefanya hivyo. Ni unga wa mmea, hauyeyuki. Tulipoiacha chupa dirishani usiku kucha, asubuhi chembe zilikuwa zimeanza kurudi, nyembamba kama sindano, zimeshikamana na ukuta wa kioo.

Mwenyewe alikuwa na dhana yake: baridi imegandisha mafuta. Dhana hiyo si ya kudharau. Kila mtu wa Nairobi anajua mafuta ya nazi ya kawaida huganda Julai, kwa kuwa yanaanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Lakini yeye alitumia yale yaliyotenganishwa, ambayo hubaki maji hata asubuhi ya baridi, na nazi ikiganda huganda nyeupe, chupa nzima. Hapa mafuta yalikuwa maji matupu. Kilichoganda kilikuwa kiungo chenyewe cha thamani.

Kwa hiyo baridi ilikuwa na hatia, ila si kwa njia aliyodhani. Q10 haimumunyiki kwenye maji kabisa, na kwenye mafuta mengi humumunyika asilimia chache tu kwa joto la kawaida la chumba. Joto likishuka, kiasi ambacho mafuta yanaweza kukibeba hushuka pia. Juu ya mvuke mafuta yake yalibeba asilimia 5 bila shida. Alipojaza chupa zikapoa hadi nyuzi 24 za Machi, yakawa yamebeba zaidi ya uwezo wake, lakini bado yakaonekana safi. Hili ndilo huwachanganya wengi. Mmumunyo uliozidi kipimo hautoi fuwele, yaani chembe zile, mara moja. Husubiri chembe ya kwanza ipatikane, punje ya vumbi, mkwaruzo kwenye kioo, unga kidogo ambao haukuyeyuka vizuri. Ikishapatikana moja, nyingine hujijenga juu yake. Chupa zilitoka Donholm zikiwa safi, zikakaa wiki kadhaa kwenye rafu, halafu Juni ikaingia na alfajiri za nyuzi 10 hadi 12. Zikaharibikia mikononi mwa wateja, mahali pabaya kuliko pote.

Alipendekeza aandike "Tikisa kabla ya kutumia". Nilikataa. Dawa ya kikohozi inaweza kutikiswa. Fuwele za Q10 zilizoshikamana na kioo hazirudi kwenye mafuta kwa kutikisa, huvunjika tu. Zikiingia kwenye kidondoshi huziba. Zikifika usoni hukaa juu ya ngozi kama mchanga na kuishia kwenye foronya, ambako doa lake la machungwa halitoki kwa urahisi, na malalamiko mawili kati ya aliyopokea yalihusu foronya. Jambo kubwa zaidi ni kwamba fuwele haiingii kwenye ngozi. Hii ni molekuli nene, yenye uzito wa daltoni 863 (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli) na mkia wa vipande 10 vya isopreni, na hiyo 10 ndiyo iliyo kwenye jina. Hata ikiwa imemumunyika vizuri inapenya kwa shida. Ikiwa fuwele haina nafasi. Katika chupa ya asilimia 5 iliyotoa chembe, mteja alikuwa anapata kilichobaki ndani ya mafuta, na kingine alikuwa anakifua.

Wakati tunafanya haya yote kulikuwa na harufu niliyoisikia tangu nilipofungua chupa ya kwanza. Lavenda ilikuwa inaifunika, lakini ilikuwepo: harufu ya karanga zilizokaa sana. Nilimwomba anipe chupa ya zamani zaidi aliyokuwa nayo, ya tangu Januari, iliyokuwa kwenye rafu ya maonyesho mbele ya dirisha. Huko haikuhitaji pua ya mkemia. Mafuta yalikuwa yamechacha.

Mafuta ya mbegu za zabibu yana asidi ya linoleiki kwa wingi, na asidi hiyo hushambuliwa na oksijeni haraka, haraka zaidi ikipata mwanga na joto. Alikuwa ameyachagua kwa sababu ni mepesi na hayabaki usoni, sababu nzuri kabisa. Alikuwa ameyapasha juu ya maji yanayochemka, ameyaweka kwenye kioo cheupe, ameyaanika kwenye dirisha linalopigwa na jua la Nairobi, mji ulio karibu na ikweta na takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Nilipomwambia yamechacha alishangaa kwa dhati. "Lakini Daktari, ndani mna antioksidanti asilimia 5. Itachachaje?" (Mimi si daktari. Nimeacha kuwasahihisha.)

Swali lake ni zuri kuliko maelezo mengi ninayoyasoma kwenye lebo. Jibu ni mikokoteni. Ndani ya chupa hakuna seli, hakuna mitokondria, hakuna kimeng'enya cha kuijaza Q10 elektroni. Yubikwinoni ndani ya mafuta ya chupani haina cha kuwapa radikali huru wanaoyatafuna mafuta hayo. Inakaa tu, yenye rangi nzuri, huku mafuta yanayoibeba yakioza pembeni yake. Mwanga nao huivunja pole pole yenyewe. Kwa hiyo alikuwa anauza seramu ya kuzuia oksidisho iliyokuwa inaoksidika kabla ya kufunguliwa, na mafuta yaliyochacha yakipakwa usoni hupeleka kwenye ngozi peroksidi zilezile ambazo mteja alilipa pesa ili azikwepe. Chembe ziliwaudhi wateja na hazikuwadhuru. Hili halikumuudhi mtu yeyote, na mimi ndilo lililonitia wasiwasi.

Antioksidanti ya chupani ni nyingine: vitamini E ya aina ya tokoferoli, ambayo ina elektroni ya kutoa tangu siku ya kwanza na haihitaji seli. Kidogo tu kinatosha, na kiwekwe mafuta yakiwa mapya, kwa kuwa hairudishi kilichokwisha kuchacha.

Marekebisho hayakuwa magumu. Mafuta ya mbegu za zabibu yaliondolewa, yakaingia skwalani, mafuta ambayo hayana sehemu za kushambuliwa kirahisi na oksijeni na yanabaki mepesi usoni. Lavenda iliondolewa, maana haikuwa na kazi nyingine zaidi ya kuficha harufu, na ngozi nyingine huwashwa nayo. Kuyeyusha kulishushwa hadi nyuzi 55, kwa muda mfupi, na mafuta yakachujwa kabla ya kujazwa ili kusibaki punje ya kuanzishia fuwele. Chupa zikawa za kahawia, alizipata kwa wauzaji wa jumla karibu na River Road bila kutafuta sana.

Kiwango cha Q10 ndicho kilicholeta mvutano. Tulitengeneza sampuli za asilimia 2, 1, na 0.5, tukazifungia kwenye friji ya nyumbani, ambayo ni baridi kuliko Julai yoyote ya Nairobi, na katika nusu ya kila sampuli tukatia ncha ya sindano yenye unga wa Q10 makusudi, ili isije ikasemwa kwamba ilikosa tu pa kuanzia. Ya 2 ilitoa fuwele. Ya 1 ilitoa chache kwenye chupa zilizotiwa unga. Ya 0.5 ilibaki safi. Hili ni jaribio ambalo mtu yeyote mwenye friji na mizani ya gramu anaweza kulifanya kabla ya kujaza chupa za kuuza, na sielewi kwa nini halifundishwi kwenye kozi za wikiendi za kutengeneza vipodozi, ambazo hufundisha kubuni nembo.

"Nusu asilimia? Nitawaambia nini watu?" Aliona kama namvua nguo. Nilimweleza kwamba krimu zilizoitangaza Q10 duniani, zile za Nivea ambazo Beiersdorf ya Ujerumani ilizitoa mwaka 1998, hazikuitangaza kwa asilimia kubwa, na kwamba utafiti wa mwaka 1999 uliohusisha wanasayansi wa kampuni hiyohiyo ulionyesha Q10 ya kupakwa ikifika tabaka hai za ngozi na kupunguza oksidisho huko. Nikamwambia pia kwamba utafiti wa muuzaji usomwe kwa jicho la utafiti wa muuzaji. Faida ya Q10 kwenye ngozi ni ya pole pole na ya kiasi. Ipo, inaaminika kikemia, na haifanani na kile kilichokuwa kwenye lebo yake ya zamani: "Huondoa makunyanzi kwa siku 7."

Lebo ilikuwa na tatizo jingine, na sikulitarajia. Saluni ya South B haikurudisha katoni kwa sababu ya chembe peke yake. Mwenye saluni alisoma "yubikwinoni", akakumbuka hidrokwinoni, ambayo pamoja na zebaki imepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, akaogopa kukamatwa na KEBS, shirika la viwango la Kenya. Simlaumu hata kidogo. Krimu za kujichubua zimeharibu nyuso nyingi mno mjini hapa, na anayeogopa jina asilolijua anajilinda vizuri kuliko asiyesoma kabisa. Zinafanana katika umbo la pete moja ya kaboni, basi. Hidrokwinoni ni molekuli ndogo ya daltoni 110 inayozuia utengenezaji wa melanini, rangi ya asili ya ngozi. Yubikwinoni iko ndani ya kila seli ya mwenye saluni mwenyewe. Lebo mpya sasa inaandika "Koenzaimu Q10" kwa herufi kubwa, jina la viungo linafuata mahali pake, na chini yake mstari: haichubui ngozi. Mwenye saluni aliomba pia aone namba ya kibali, akaituma kwa SMS kwenda 20023, namba ya KEBS, kuhakikisha, jambo ambalo natamani wanunuzi wa vipodozi wa mtaa wa Dubois walifanye mara nyingi zaidi.

"Siku 7" ilifutwa. Iliongezwa sentensi kwamba seramu si kinga ya jua, kwa sababu wateja wake watatu walikuwa wameacha sanskrini wakidhani antioksidanti inatosha. Haitoshi. Hainasi mionzi, kazi yake, ikifika, ni kupunguza sehemu ya uharibifu ambao mionzi imekwisha kuuanzisha.

Chupa za zamani zilizorudi tulizimwaga, ingawa alitaka kuziyeyusha upya na kuzipunguza makali kwa mafuta mapya. Kwa zile zilizotoa chembe peke yake ningekubali. Lakini zote zilikuwa na mafuta ya mbegu za zabibu kutoka mtungi mmoja, na hakuna namna ya kuyatoa. Wateja waliolalamika walipelekewa chupa mpya, pamoja na video fupi ya magadi na manjano aliyoirekodi jikoni kwake. Yule aliyemtuhumu aliijibu kwa emoji ya kucheka na kuagiza mbili.

Bado tunabishana juu ya bei. Chupa ya mililita 30 kwa fomula ya zamani ilikula takriban gramu 1.4 za unga. Sasa inakula chini ya gramu 0.15. Gramu 100 zilizokuwa zikitoa chupa 70 hivi sasa zinatoa zaidi ya 660, na Q10 ndicho kiungo ghali kuliko vyote. Mimi nilisema apunguze bei. Yeye anasema skwalani si ya bure, chupa za kahawia si za bure, katoni alizomwaga hakuna aliyemlipa, na mteja wa Nairobi akiona bei imeshuka atadhani dawa imepungua. "Na imepungua kweli," akaongeza, "si wewe ndiye uliyeipunguza?" Bei imebaki palepale.